Aliyezisoma "Kwa Hivyo" Zetu Zote

Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1958, Bwana Nicodemus Wamalwa ataifunika taipu yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuwa karani wa chuo chetu cha walimu kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo hakuna karatasi iliyotoka ofisini bila kupita chini ya vidole vyake tisa na nusu. Mitihani ya kila somo, notisi za walimu, nyimbo za Jumapili, orodha ya wagonjwa, hata ile ya maharagwe ya jikoni, zote ni kazi yake.

Nianze na hiyo nusu ya kidole. Alikuja kwetu mwaka 1932 akitoka kiwanda cha mbao cha Elburgon, na kwa muda wa miaka kumi na mmoja mimi, Hiram Kipketer, mwalimu wa Kilimo, nilikuwa nikiwaonya wanafunzi juu ya hatari ya misumeno nikimtaja yeye kuwa mfano. Siku moja alikuwa akipita dirishani akanisikia. Alingoja kwa adabu mpaka kipindi kikaisha, akanieleza kwamba kidole kile kililiwa na mnyororo wa baiskeli huko Kimilili akiwa na umri wa miaka tisa. Huko Elburgon alikuwa karani, na msumeno hakuwahi kuugusa. Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo. "Hukuuliza, Mwalimu," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Hapo mtamjua Bwana Wamalwa alivyo. Shule aliishia darasa la sita. Lakini sisi walimu kila mmoja husoma somo lake tu, naye alilazimika kuyasoma yote, neno kwa neno, akiyapiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala. Akagundua jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuliona: kwamba masomo yote, yakivuliwa makoti yao, yanafanya kazi moja. Unasema jambo, unasema la pili, halafu unasema "kwa hivyo". Akaanza kuzichunguza "kwa hivyo" zetu. Iliyomtia shaka aliipigia mstari kwa penseli na kuweka alama ndogo ya kuuliza pembeni, kisha akairudisha karatasi mezani kwako bila neno.

Mwalimu wa Historia aliandika kwamba reli ilipita Nakuru, kwa hivyo Nakuru ikawa mji mkubwa. Alama. Alipokwenda ofisini kwa hasira aliambiwa polepole, "Reli imepita Gilgil pia, Mwalimu." Notisi zile ziliandikwa upya, zikawa bora mara mbili. Bi. Eucabeth, mwalimu wetu wa Maandiko, alitunga swali kuhusu wale rafiki za Ayubu waliosema kwamba ameteseka, kwa hivyo ametenda dhambi. Bwana Wamalwa alilipiga chapa bila alama, kisha akaja kuniuliza kama nimeona kwamba swali hilo na langu la wiki ile ni ndugu. Langu lilisema kwamba ngano ya mtu imeshikwa na ugonjwa wa kutu, kwa hivyo mtu huyo ni mvivu. Nilikuwa sijaona. Tangu hapo walimu wa Maandiko na Kilimo hufundisha somo moja pamoja kila muhula, na wageni hushangaa Ayubu amefikaje shambani kwangu.

Sasa nifike kwenye jambo la Julai 1956, ambalo sina sifa yoyote ndani yake.

Nilikuwa nasahihisha mtihani wa viazi. Wanafunzi wawili, Kiplangat wa Elburgon na Chepkurui, binti wa kwanza kutoka kijiji cha Ndabibi kufika chuoni kwetu, walikuwa wamegeuza vipimo: futi moja kati ya mstari na mstari, inchi thelathini kati ya kiazi na kiazi. Kosa moja, kwa maneno yaleyale, na Chepkurui alikaa nyuma tu ya Kiplangat. Nikaandika ripoti kwamba wamenakiliana. Mkuu wa Chuo aliniamini. Wote wawili wangerudishwa nyumbani siku ileile kwa lori la mboga, saa kumi jioni, bila cheti na bila ruhusa ya kurudi, na barua kwa wazazi wao nikamwachia Bwana Wamalwa azipige chapa.

Saa tano alinifuata kwenye ghala ya viazi. Barua zangu alikuwa nazo, hazijapigwa chapa, na alama ya penseli ilikuwa pembeni mwa "kwa hivyo walinakiliana".

"Mwalimu, hii imesimama juu ya nini?"

"Makosa sawa, maneno sawa. Unataka nini tena, Bwana Wamalwa?"

"Nataka mtu wa tatu mwenye maneno hayohayo."

Akatoa karatasi mfukoni. Zilikuwa notisi zangu za mwezi wa Machi, maana yeye huweka nakala ya kila kitu. Futi moja kati ya mstari na mstari, inchi thelathini kati ya kiazi na kiazi. Mtu wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimegeuza vipimo mwenyewe.

Nikamwambia kwamba wanafunzi wengine wote walipata. "Wengine walikuwa nawe shambani na kamba ya kupimia," akasema. "Hawa wawili walikuwa hapa." Akafungua karatasi ya pili, orodha ya wagonjwa ya Aprili: Kiplangat, matubwitubwi, Chepkurui, matubwitubwi. Wiki nzima ya kupanda walilala na mashavu kama maboga, wakisoma notisi zangu kwa bidii.

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Nilimwambia kazi yake ni kupiga taipu, si kufikiri.

"Ni kweli," akasema. "Lakini barua hizi mkono wangu hautazipiga. Ofisi iko wazi."

Kwa neno hilo angeweza kufukuzwa, naye alilijua. Nilikwenda kweli. Nilikaa kwenye kiti chake, nikalipiga jina la baba yake Chepkurui kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Nilipofika kwenye "kwa hivyo" nikashindwa kuendelea. Nikachukua zile karatasi mbili nikaenda kwa Mkuu. Alizisoma, akaniuliza kama sasa barua amwandikie baba yangu mimi.

Kiplangat alipata cheti chake na sasa ni mwalimu. Chepkurui anafundisha darasa la pili huko Elburgon, na mwezi uliopita aliniandikia kwamba watoto wake hawasemi tena "kwa hivyo" bila kwanza kutazama wamekanyaga nini.

Bwana Wamalwa anarudi Kimilili pamoja na mama watoto, Bi. Milcah, ambaye anasema mwaka ujao mahindi yatapandwa bila maswali. Tunamwombea subira.

Wasifu huu nao ameupiga chapa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wangu. Nakala ya kwanza ilirudi na alama moja tu, pale nilipoandika kwamba bila yeye chuo hiki kingepotea. Sawa, nimeyafuta maneno hayo. Nitaandika ninayoyajua. Walimu wawili wanasimama mbele ya watoto leo kwa sababu alikataa kupiga barua mbili. Mimi ni mwalimu mwangalifu kidogo kuliko nilivyokuwa. Na wakati wa chai, watu wa Historia, Hesabu na Maandiko wanazungumza pamoja. Kwa hivyo, Bwana Wamalwa, tunakushukuru, na tunakuombea huko uendako siku ndefu zenye afya na amani.

Hiyo ya mwisho, mzee wangu, ipige bila alama.