Mzee Kahiga na Fankisheni Mia Mbili na Kumi na Nne

Baada ya miaka ishirini na minane katika Ushirika wa Maziwa Mlimani, Mzee Kahiga, mkuu wa chumba cha kompyuta hapa makao makuu Nyeri, anastaafu tarehe 31 Desemba 1997. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mazuri tu. Nimejaribu, ingawa mazuri ya Kahiga yana tabia ya kuwakera watu.

Aliajiriwa mwaka wa 1969 kama karani wa rekodi, akizunguka Gakindu na Kiriaini kwa baiskeli akiandika ni ng'ombe yupi amepandishwa na lini. Kompyuta zilipoletwa mwaka wa 1992, wakubwa walimkabidhi yeye kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Alikuwa mtu pekee aliyesoma vitabu vilivyokuja nazo. Sisi wengine tuliviweka chini ya skrini ili zisituumize shingo.

Ndani ya hifadhidata yetu mna fankisheni, yaani hesabu zilizoandikwa mara moja zikahifadhiwa humo humo, kila moja na jina lake. Ukiita jina, inakujibu. Tatizo ni kwamba kila mkubwa aliyepita hapa aliagiza yake, na hakuna iliyowahi kuondolewa. Kufikia mwaka wa 1995 zilikuwa 214. Moja ilipanga vituo vya maziwa kufuata mipaka ya wilaya ambayo ilikuwa imeshabadilishwa. Nyingine ilichapisha salamu za heri kwa mwenyekiti tuliyemzika miaka miwili kabla.

Tungeendelea kuishi nazo kwa amani kama si Mama Ngendo wa Gakindu. Alitumiwa kadi iliyosema kwamba ng'ombe wake aliyetoka kupandishwa angezaa baada ya miezi minne kasoro. Akaiamini, akaacha kumkama ili apumzike kabla ya kuzaa, na watoto wake wakanywa chai ya rangi. Siku ya kadi ilipopita, alipanda gari mpaka Nyeri na kuiweka mezani kwa Kahiga.

"Ng'ombe yangu imekauka na ndama hakuna," alisema. "Hii mashini yenu ilisoma shule gani?"

Kahiga alitafuta akagundua kwamba kituo cha Gakindu kilikuwa kinahesabiwa kwa fankisheni ya nguruwe, iliyobaki baada ya mradi wetu wa nguruwe kufa. Aliona aibu sana. Aliomba radhi kwa niaba yetu sote, kisha akaapa kwamba hatatoka hapa kabla ya kuzisafisha zote. Alikadiria kwamba kazi hiyo ingemalizika mwaka wa 1999.

Utaratibu wake aliutoa kwa ng'ombe. Hakufuta fankisheni papo hapo. Aliibadilisha jina, akaitia karantini kwa siku ishirini na moja, na kubandika tangazo karibu na birika la chai. Ng'ombe ambaye hakushika mimba, alitueleza, hulia tena akitaka dume baada ya siku hizo. Fankisheni nayo, kama kuna mtu anayeitegemea, atalia. Zikipita kimya, anafuta.

Waliolia walikuwa wengi, ila si watumiaji. Ofisi nzima ilitetea hesabu ambazo hakuna aliyewahi kuziita. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Iliundwa Kamati Ndogo ya Kulinda Fankisheni, ikakutana mara tisa, ikala mandazi na kuahirisha. Kahiga aliendelea kufuta, na kufikia Agosti mwaka huu alikuwa ameondoa 151.

Ya 152 ndiyo iliyomponza. Ilikuwa fankisheni ya umri wa kustaafu. Aliyeiandika alikosea, akachukua tarehe ambayo mfanyakazi alihamia makao makuu akaiweka mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo Meneja Mkuu wetu, Bwana Mutahi, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kahiga alikuwa na tisa. Mimi nina sita. Kwa miaka mitano hakuna mtoto hata mmoja aliyelalamika.

Ilipotiwa karantini, Bwana Mutahi alishuka ngazi mwenyewe siku ya tatu, jambo ambalo hata moto wa mwaka wa 1994 haukumfanya alifanye. Alimkumbusha Kahiga kwa upole kwamba yeye pia alikuwa ametimiza hamsini na mitano, umri wa kustaafu, kwamba kazi yake haijaisha, na kwamba wakiiacha hii moja wote wawili watabaki. Nilikuwa kwenye meza ya pili. Kahiga alitazama orodha yake, na nilijua anafikiria zile sitini na tatu zilizobaki.

"Mimi si ng'ombe ya kuuzwa soko," alisema, "ati mtu anifichie meno ndio nionekane ndama."

Siku ishirini na moja zilipotimia, akaifuta, na umri ukaanza kuhesabiwa kwa tarehe halisi za kuzaliwa. Kompyuta ilichapisha majina mawili ya waliofikia umri: Mutahi, miaka hamsini na minane, na Kahiga, hamsini na mitano. Halmashauri iliipokea orodha hiyo kwa shukrani. Jina la kwanza lilipelekwa kwenye kamati ndogo kwa uchunguzi zaidi. La pili lilipitishwa kabla chai haijapoa.

Wiki iliyopita, Kahiga akiwa likizo yake ya mwisho, fankisheni ya zamani ilirudishwa kutoka kwenye kanda ya akiba. Meneja wetu ana miaka kumi na mmoja tena, na tunamtakia makuzi mema.

Mzee, mimi Watiri wa rekodi nakushukuru kwa niaba ya Mama Ngendo na wote wanaozisoma kadi zetu na kuziamini. Inaniuma kwamba hukuachiwa umalize. Pumzika salama Mukurweini, ng'ombe wako wazae kwa wakati wao. Makao makuu tulikuwa na mtu mzima mmoja tu, na kesho tunabaki watoto wenyewe.