Kaburi la Kwanza Kilimani: Historia ya Mwalimu Bertilla Sikazwe wa Kalesa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazazi wetu, viongozi wa kijiji na kata, walimu, watu wa mwaloni kule chini penye mitumbwi na watu wa hapa Kilimani, na ninyi mliosafiri na mwili tangu Katandala, mjini Sumbawanga, mkateremka nao barabara yote ile ya makorongo, mimi ni Gabriel Sikazwe, mkulima wa Mwimbi, mdogo wake wa mwisho marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, walisema, Gabriel ana moyo mgumu, hatalia katikati, jambo ambalo tutaliona.

Marehemu dada yetu Mwalimu Bertilla, ambaye wengi mnamwita Mama Adela, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1954 kijijini kwetu jirani na Mwimbi, kule juu kwenye uwanda wa Ufipa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Yohanes Sikazwe na Mama Silvana, ambao wote wametangulia, na mimi nilipozaliwa yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa hiyo amri zake nilianza kuzisikia kabla sijajua kutembea. Nyuma ya shamba la baba unapita mto Lunzwi, ukiwa bado kijito cha kuvuka kwa kuruka, na hapo ndipo marehemu alipochota maji tangu utoto wake, nami nawaomba mlishike hilo, kwa sababu maji aliyoyachota kule ndiyo yanayofika hapa chini kwenu.

Alisoma shule ya msingi Mwimbi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akafundisha elimu ya watu wazima kwa miaka miwili, ambapo baba yetu mzazi alikuwa mwanafunzi wake na alichapwa kwa maneno kama wengine, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1972, akahitimu mwaka 1973, na mwezi Januari 1974, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akapangiwa kituo cha kazi hapa Kalesa, akaja kwa lori mpaka barabara ilipoishia, akamalizia kwa miguu na sanduku kichwani.

Kwa wageni ambao hamjafika hapa kabla ya leo, Kalesa imekaa mdomoni mwa mto Lunzwi, pale mto unapomaliza kuporomoka kutoka uwandani na kumwaga mchanga wake katika Ziwa Tanganyika, na mchanga huo ndio uliotupa ufukwe mpana wa kuanikia dagaa na udongo wa kulima mpunga, lakini ndio huohuo unaoziba kina cha maji, ndiyo maana tangu enzi za mababu meli haijawahi kugusa nchi kavu hapa, inatia nanga mbali, mitumbwi inaifuata, inashusha kwanza wagonjwa na akina mama wenye watoto, halafu mizigo, na wanaume mwisho. Hapa maharage na mahindi ya Ufipa yalipakiwa kwenda Kigoma na Kongo, hapa yakapokelewa mawese, chumvi na vitenge, hapa samaki wakavu wa migebuka walianza safari ya kupanda mlima juu ya vichwa vya watu, na Wajerumani walipoona biashara hiyo wakajenga ghala la mawe mwaloni, Waingereza wakalirithi, mto ukalifukia, leo limebaki ukuta wa juu tu ambao watoto hukalia wakivua samaki.

Wazee wanakumbuka kwamba mdomo wa mto umehama mara tatu, ya mwisho ikiwa ni wakati wa zile mvua za Uhuru, na kila ulipohama watu walihama nao, na hapa Kalesa kuhama kuna namna yake, kwamba kuta ni za miti na udongo, hizo zinaachwa, lakini mlango ni wa mninga, umerithiwa kwa baba na babu, kwa hiyo mwenye nyumba anaung'oa na kuubeba mwenyewe mgongoni, na hakuna atakayekubali kwamba fulani amehama mpaka mlango wake umefika. Milango hiyo ilibebwa kusini, ikabebwa kaskazini, siku zote mchangani, siku zote ikiwekwa kutazama ziwa ambako meli inatokea, jikoni na vyumba vya watoto vikielekezwa mtoni, na haukuwahi kupandishwa hata mmoja huku mlimani.

Dada yangu alipofika akauliza, mgeni wa wiki moja tu, kwa nini nyumba zote zimeupa mto mgongo, na jibu alilopewa mwaloni, mbele ya watu, likifuatwa na kicheko ambacho alikuwa akikiigiza hadi uzeeni, lilikuwa kwamba ninyi watu wa juu mnajua maharage, maji tuachieni sisi. Jamani, watu wa Kalesa, nawapenda, nimekula samaki wenu miaka mingi, lakini mto unatoka kwetu, mvua inanyesha kwetu, na bado mtu wa kwetu akiwaambia habari za mto mnamcheka!

Alifundisha shule ya msingi Kalesa tangu mwaka huo wa 1974 hadi alipostaafu tarehe 9 Septemba 2014, akifundisha Historia na Jiografia, na mwenyekiti wa kijiji aliyekaa pale mbele ni mmoja wa waliopandishwa kilima hiki kwa mguu wakati wa jua kali ili waone kwa macho yao mto unavyoingia ziwani, akashuka akilalamika kwa mama yake kwamba mwalimu huyu ana wazimu. Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Bwana Rafaeli Simfukwe, nahodha wa mtumbwi mkubwa wa kupokea meli, ndoa ambayo ukoo wetu uliishangaa kwa kuwa binti alikuwa anateremka, na ukoo wa Simfukwe ukaishangaa kwa kuwa nahodha alikuwa anaoa mwanamke asiyejua kuogelea, lakini walipendana, niseme wazi, walipendana mpaka wakawa wanatuchosha, na Mungu akawajalia watoto watatu, Adela mwaka 1979, Yohanes mwaka 1984, na Victoria mwaka 1993.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Machi 1998, ziwa lilikuwa limetulia na mbingu juu ya Kalesa ilikuwa nyeupe, wanaume wameketi milangoni wanashona nyavu na macho yao ziwani kama kawaida, nasi kule Mwimbi tulikuwa hatuwezi kutoka nje kwa mvua iliyokuwa ikinyesha tangu juzi yake, na mchana maji hayo yakafika hapa kwa kupitia nyuma, yakaanza na majiko na vyumba vya watoto. Victoria alikuwa nyuma ya nyumba anacheza. Alipatikana jioni, akazikwa makaburi ya chini, mchangani, akiwa na umri wa miaka minne.

Nisameheni kidogo.

Marehemu aliporudi kazini baada ya matanga, somo lake la kwanza alilifanyia nje, akawasimamisha wanafunzi wa shule nzima mgongo kwa ziwa na uso mlimani, akawaambia kwamba kinachoweza kutuua kinatoka huku, na kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake alikuwa na neno moja tu, kwenye mikutano, kanisani, kisimani, mpaka watu wakawa wanabadilisha njia wakimwona, kwamba Kalesa ipande Kilimani. Mume wake alimuunga mkono lakini hakuwahi kuhama, maana ndugu zake wote walikuwa chini, na tarehe 3 Novemba 2009 aliaga dunia kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa pembeni ya Victoria, na mdogo wake, Mzee Isdori Simfukwe, ambaye wote mnamfahamu, akaacha nafasi upande wa pili kwa ajili ya shemeji yake, akaizungushia mawe.

Simu za mkononi zilipofika huku, dada alinipa amri nyingine, kwamba mvua kubwa ikinyesha Mwimbi nimpigie hata kama tumekasirikiana, na tarehe 22 Februari 2021 nilimpigia, akaenda shuleni mwenyewe akapiga kengele mpaka mkono ukavimba, mkapanda wote, wengine mkinung'unika, na siku hiyo mto ulichukua safu mbili za nyumba bila kuchukua mtu hata mmoja, na ziwa nalo, lililokuwa limeanza kujaa, halikurudi lilipokuwa. Serikali ikapima viwanja hapa Kilimani, ndugu zetu Wasukuma wafugaji wakatoa mikokoteni ya ng'ombe kupandisha matofali, nyumba zikaanza, na mimi nikadhani dada sasa atapumzika.

Wapi! Haukupita mwaka watu wakaanza kurudi chini, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha nyavu, cha dagaa, cha kuku, na kwenye mkutano wa kijiji wa mwezi Agosti 2022 Mzee Isdori akasimama akasema kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni, kwamba wazazi wetu wamelala chini, kijiji gani hicho kisicho na hata kaburi moja, hiyo ni kambi ya watu wa kutengeneza barabara, na kwamba mlango wa baba yake hautatoka mchangani yeye akiwa hai. Marehemu alisimama, akiwa tayari anatembea kwa fimbo, akasema mbele ya wote, basi kaburi la kwanza litakuwa langu, akakaa. Watu walicheka, lakini sisi tuliokaa karibu naye tulimwona anafuta macho, kwa sababu alijua anawaacha chini mume wake na mtoto wake.

Tarehe 2 Desemba 2023 alipatwa na kiharusi, akapelekwa Sumbawanga, akalazwa, akaruhusiwa, akaishi Katandala kwa mwanaye Adela, ambapo mkono wa kulia ulikataa na ulimi ukawa mzito, ila neno Kilimani lilikuwa linatoka vizuri kuliko majina yetu. Hali ilibadilika mwezi Aprili mwaka huu, akarudishwa hospitali, na siku ya Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, Mungu akamchukua.

Sitaficha yaliyotokea Katandala, maana mengi mmeshayasikia na yameongezwa chumvi. Ukoo wa Simfukwe ulidai mwili uzikwe pembeni ya mume, kama ilivyo haki yao, Mzee Isdori akatuma ujumbe kwamba kaburi linachimbwa penye yale mawe, sisi tukajibu kwamba litachimbwa Kilimani, maneno yakawa makali, na nakiri mbele ya Baba Paroko kwamba nilikuja hapa na hotuba nyingine kabisa mfukoni, ya kumpa shemeji yangu vidonge vyake.

Jana mchana vijana wakichimba lile la chini walifika kina cha kifua, maji yakaanza kutoka, wakayachota kwa ndoo, yakarudi, wakachota, yakarudi, Mzee Isdori akashuka mwenyewe ndani akachota, na jua lilipoanza kupunguza ukali akatoka, akaamuru pafukiwe, akaondoka bila kumsemesha mtu. Ndugu zangu, hata kama kaburi lile lingekuwa kavu kama ghala, tungemzika hapa, maana alisema na tulimsikia, na hilo nalisema bila kumsimanga mtu yeyote.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mjini Sumbawanga, majirani wa Katandala waliolala nasi msibani na kupika bila kuombwa, walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka yote arobaini, wafugaji waliotupa ng'ombe wa kuvuta jeneza pale gari liliposhindwa, wanakwaya, Baba Paroko, na wote ambao sikuwataja, msininunie.

Nimebakiza mtu mmoja. Mnaona jeneza halikuwekwa juu ya meza. Leo asubuhi tulipokuwa tunahangaika kutafuta meza, tulimwona mzee wa miaka sabini na mitatu anapanda kilima peke yake, ameinama, mgongoni amebeba mlango wa mninga wa baba yake, vijana wakamkimbilia kumpokea akakataa, akaufikisha hapa, akaulaza chini, akaupangusa mchanga kwa kofia yake, akasema, mwekeni shemeji. Mzee Isdori, shikamoo. Nimeichana ile hotuba.

Tukimaliza kuzika, mlango huu hauteremki, fremu yake itasimamishwa kesho kwenye kiwanja cha tatu kutoka hapa, na mwenye nguvu aje na nyundo. Na wewe dada, uliyeitwa mgeni hapa Kalesa kwa miaka hamsini na moja, nafasi yako ni kavu, tumeikagua, tutakulaza uso mlimani kama ulivyofundisha, Rafaeli na Victoria hawako mbali, wako hapo chini nyuma yako, pumzika kwa amani, mwenyeji wetu wa kwanza.