Njia ya Kupinda ya Mzee Anania Kasebele

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo, na kama uko dukani hapo Tunduma mwambie mteja avumilie. Leo tunamkumbuka mtu wa milimani. Jina lake Anania Kasebele, wa kijiji cha Isheta, huko Ileje, ukishapita Ikinga unapanda tu. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na saba. Anania Kasebele, mtengeneza njia.

Vijana walimwita Mzee Kona. Hakuchukia hata kidogo. Alikuwa akiwajibu, "Kona haijaua mtu, kinachoua ni haraka." Madereva wa malori wa hapa mpakani wangembishia, lakini yeye hakuwa akiongelea malori.

Twende taratibu. Mwaka themanini na sita Anania aliajiriwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe pale Isheta. Mgodi mdogo tu, wala usihangaike kuutafuta kwenye ramani. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo. Wenzake wanachimba, yeye anakuja nyuma yao na magogo, anaegemeza paa la handaki ili mlima usiwakalie. Miaka minane alifanya kazi hiyo. Mwaka tisini na nne mgodi ukafungwa, na kabla haujafungwa akaamriwa azing'oe zile nguzo zikatumike kwingine. Nguzo alizozisimamisha kwa mikono yake, akazing'oa kwa mikono yake.

Mkewe, mama Teresia, anasema mwezi ule mzima mumewe alikuwa anachokonoa chakula tu. "Nikamuuliza, Baba Ruti, kazi imekwisha, umerudi mzima, sasa unawaza nini? Akaniambia, 'Mama Ruti, mlima hauna kitu chini. Na watu wanapita juu.'"

Zikaja zile mvua kubwa za mwaka tisini na nane. Ng'ombe wa jirani yao, mama Jenista, alikuwa malishoni, ardhi ikafunguka, akabaki pembe na pua. Wanaume kumi walimtoa kwa kamba. Msimsikitikie sana, maana mama Jenista anasema ng'ombe huyo alizaa mara tatu baada ya hapo. Kijiji kilicheka wiki nzima. Anania hakucheka. Kesho yake alichukua jembe, akaenda kusimama kwenye mdomo wa mgodi, akafumba macho, akaanza kuhesabu hatua kama alivyozihesabu gizani miaka ile.

Sikilizeni vizuri hapa. Shimoni makaa hayachimbwi yote. Mengine huachwa yasimame, manene kama nyumba, yabebe mlima. Juu ya hayo ardhi ni imara. Juu ya handaki tupu, Mungu ndiye anayejua. Ramani ya mgodi ilishaondoka na wenye mgodi, na iliyobaki ilikuwa miguuni mwa Anania. Basi akalima njia inayopita juu ya makaa yaliyoachwa tu. Hatua arobaini mbele, inakata kushoto, inarudi kidogo kama imesahau kitu, halafu inapanda. Miaka mitano, kila akitoka shambani. Kando yake akapanga mawe aliyoyapaka chokaa.

Na njia yenyewe ni nzuri, nisiseme uongo. Unapita mabehewa yenye kutu yaliyoota majani, unapita bwawa la maji ya kijani, unatokea kileleni unaiona Malawi imelala ng'ambo ya mto Songwe. Sifa zikasambaa. Wakaanza kuja watu wa kutembea milimani: walimu wa Mbeya, wanafunzi wa vyuo, wazungu wenye fimbo mbili mikononi, utadhani miguu miwili haiwatoshi. Kina mama wakawa wanauza chai na maparachichi. Anania mbele, mikono nyuma, anawasimulia wageni nani alikuwa anaimba vizuri kule chini. Ilikuwa miaka yake ya furaha, kila mtu kwao atakwambia hivyo.

Sasa mwaka elfu mbili na kumi na moja zikaja habari kwamba wanakuja wageni arobaini kwa mpigo. Na sisi watu wa huku tunajuana. Mgeni wa heshima akija, njia inalimwa. Akija askofu, akija bibi harusi, msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, unatangazwa, njia inapanuliwa, inanyooshwa, inafagiwa. Mgeni hapitishwi kwenye kona kona kama mbuzi. Anania alikuwa amekwenda Isansa kumwona binti yake Ruti, aliyejifungua. Aliporudi siku ya tatu, akakuta kijiji kizima kimeshinda na majembe. Njia pana, imenyooka, imefagiwa, kutoka mdomo wa mgodi hadi kileleni. Mwenyekiti wa kijiji, Sadoki, akampokea anatabasamu. "Mzee, tumekutoa aibu." Walifanya kwa moyo safi kabisa, na kosa lenyewe lilikuwa humo humo.

Asubuhi wageni walipofika, walimkuta Anania amekaa juu ya kigoda katikati ya njia mpya.

"Shikamoo, mzee," Sadoki akasema. "Inuka basi, wageni wamefika."

"Marahaba. Nimekaa."

"Unatuaibisha mbele ya watu."

"Aibu inafutika, mwanangu. Huko chini ya miguu yako niling'oa nguzo kumi na sita."

Wakamwita mkewe aje amwondoe. Mama Teresia anacheka akisimulia. "Nikaona wamenituma vibaya. Nikabeba kigoda cha pili, na birika la chai." Wakakaa wawili. Wageni wakazunguka kwa njia ya zamani, na baadhi wakawapiga picha wakidhani ni sehemu ya matembezi.

Najua mnachosubiri, wasikilizaji wapendwa. Mnasubiri niwaambie njia ile iliyonyooka ilizama. Haikuzama. Mwaka ule haikuzama, mwaka uliofuata haikuzama, na mpaka leo ninavyoongea nanyi haijazama. Wageni waliendelea kuzunguka na Anania, lakini wanakijiji walikatiza humo kwenda mashambani, na wakipita walimtania, "Mzee Kona, imezama?" Anajibu, "Bado, Mungu ashukuriwe."

Ruti anasema alimuuliza baba yake siku moja, huoni bora izame tupu, bila mtu, wakuamini? Akamwambia, "Ardhi haitangazi siku. Siku nitakayoonekana nina akili, huenda kuna nyumba itakuwa na msiba. Niacheni na ujinga wangu." Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba akishaondoka yeye, hakuna atakayezunguka tena.

Kifua ndicho kilichomchukua. Wakamzika Alhamisi. Kanisa liko upande huu wa kilima, makaburi upande ule. Kwa njia iliyonyooka ni dakika ishirini. Kwa njia ya Anania ni saa nzima na zaidi, na jeneza lilikuwa zito, na wingu lilikuwa limetanda jeusi tii. Walipofika mdomo wa mgodi, pale njia zinapoachana, wabebaji wakasimama. Mchungaji akatazama juu. Mama Teresia akamsogelea binti yake. "Alinishika mkono," Ruti anasema, "akaufinya mpaka ukauma."

Sadoki alikuwa mbele, amebeba kulia. Akasema, "Jamani, tunazunguka."

Mvua iliwakuta kwenye kona ya pili. Hakuna aliyekimbia. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, vijana walewale waliomtania, na waliimba mpaka makaburini.

Mama Teresia, Ruti, wajukuu, na ninyi nyote wa Isheta, poleni sana. Sisi wa hapa Tunduma tunalia pamoja nanyi, na Bwana ampumzishe mahali pema. Nawe unayenisikiliza, nikuombe ulifikirie hili leo, taratibu, ukipata nafasi. Anania Kasebele amekufa bila kuthibitishiwa hata siku moja kwamba alikuwa sahihi. Na bado watu mia mbili walikubali kulowa kwa ajili ya neno lake.