Mama Hortense Kapya na Udongo Hai wa Lukafu

Baba Padri, familia ya Kapya ya Kambove, familia ya Mbuyi, majirani wa Bel-Air, wenzake wa maabara, na ninyi mliotoka Lukafu na kusafiri kwa barabara ile mbovu ili mumsindikize: asanteni kwa kufika. Maisha ya Mama Hortense yanasomwa na Exaucée, binti yake mkubwa. Watoto wake wamekubaliana kwamba yasomwe yote, hata yale ambayo yeye mwenyewe alikataa kuyasema.

Mama Hortense Kapya alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1966. Baba yake, Papa Donatien, alikuwa fundi wa umeme mgodini, na mama yake, Mama Anastasie, alilima mihogo na mboga kandokando ya mji. Hortense alikuwa mtoto wao wa kwanza. Wa mwisho alikuwa Guelor, aliyezaliwa mwaka 1983. Wakati huo Hortense alikuwa na miaka kumi na saba, na mara nyingi yeye ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mama yao akiwa shambani. Watu wa Kambove walimdhania kuwa mama yake, naye hakuhangaika kuwasahihisha.

Alisoma shule ya msingi Kambove, kisha sekondari ya masista huko Likasi, ambako alipata diploma ya serikali mwaka 1985. Aliingia kitivo cha kilimo hapa Lubumbashi, akatoka na cheo cha injinia mwaka 1992, akabaki hapo kufanya kazi maabarani na baadaye kufundisha. Alipenda kueleza jinsi alivyochagua kazi yake. Mwalimu aliwaambia wanafunzi walete kila mmoja udongo wa kwao. Yeye alileta ule wa nyuma ya nyumba yao, ambamo hata majani hayakuota kwa sababu ya shaba. Wenzake walimcheka. Alipouweka chini ya hadubini aliona vijidudu vinatembea. Aliwaambia nyumbani kwamba tangu utoto alikuwa amekanyaga ule udongo akijua umekufa, kumbe ulikuwa umejaa wakazi.

Mwaka 2004 alitumwa Muanda, kwenye pwani yetu fupi ya bahari, kwa miezi sita. Huko alijifunza kupima bakteria wa maji ya bahari na wa matope ya mikoko. Alikuwa hajawahi kuona bahari, na aliandika nyumbani kwamba ilimfanya aone Kambove ni mbali sana. Aliporudi, sanduku lake la sampuli liliachwa juani kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa, na alipolifungua Lubumbashi hapakuwa na chochote hai ndani yake. Tangu hapo hakumwachia mtu yeyote kulibeba sanduku lake la barafu. Mtu wa kwanza aliyekuja kumwachia, baada ya miaka mingi, alikuwa mdogo wake.

Alifunga ndoa na Papa Stéphane Mbuyi, mwalimu wa hesabu, tarehe 20 Agosti 1994. Ndugu wa Kasai waliopo hapa wanajua miaka ile ilikuwaje. Wengi wao walikuwa wametoka kufukuzwa Likasi na Kambove na mabegi mikononi, na binti wa Kambove kuolewa na mtu wa Kasai halikuwa jambo la kushangiliwa upande wowote. Baba mkwe wake alikuja kukaa nao kwa mwezi mmoja, na kusema kweli alikuja kumchunguza. Siku moja alifungua friji akitafuta maziwa, akanywa nusu ya chupa ambayo Mama Hortense alikuwa anakuzia bakteria wake. Mzee alipoambiwa alichokunywa, alikaa chini kwenye kiti akashika tumbo. Mama Hortense alipiga magoti mbele yake akamwambia:

“Papa, usiogope. Ni bidudu ya udongo, haiue muntu. Pengine tu utaota majani.”

Mzee alicheka hadi akatoa machozi. Tangu siku hiyo alimwita “mutoto yangu,” na mpaka anakufa kila alipopiga simu aliuliza kwanza kama chupa bado ziko kwenye friji.

Mama Anastasie alifariki mwaka 1997. Kabla ya kufa aliushika mkono wa Guelor akauweka ndani ya mkono wa Hortense. Guelor alikuja Bel-Air, akalala chumba kimoja na sisi watoto, akasomeshwa kama sisi. Tulimwita tonton, yaani mjomba, lakini tulicheza naye na kupigana naye kama kaka. Baadaye alifanya kazi Kasumbalesa, akiwasaidia wenye malori kupitisha mizigo forodhani. Kazi hiyo ilipokufa, dada yake alimrudisha nyumbani.

Sasa tuzungumze kuhusu kazi ya Lukafu, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya ajulikane. Mwaka 2007 Mama Hortense alianza kwenda huko kuchukua udongo. Aligundua kwamba soya ya wakulima ilikuwa ya manjano na dhaifu kwa sababu udongo ulikosa bakteria mmoja, yule anayekaa ndani ya mizizi, anayetengeneza vinundu vidogo na kuulisha mmea kwa hewa. Alimtafuta miaka mitatu katika mimea ya porini ya sehemu hiyohiyo, mpaka akampata mmoja aliyezoea udongo wenye uchachu kama ule. Akamkuza maabarani, akamchanganya na udongo mweusi wa dembo, bonde la majimaji, aliouchemsha kwanza, akaufunga kwenye pakiti. Mkulima alichanganya pakiti moja na mbegu zake kivulini asubuhi ya kupanda, na ilitosha.

Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Akina mama wa chama cha wakulima waliiangalia ile pakiti wakaona udongo tu. Mwenyekiti wao, Mama Wivine Chisanga, aliuliza watajuaje kwamba ndani mna kitu. Mama Hortense alimjibu:

“Hamutaiona na macho. Muniaminie tu mara moya. Kisha mungoe muzizi, mukate kinundu. Kama mu kati iko nyekundu, njo inatumika.”

Walimwamini mara moja, wakang'oa, wakakata, wakaona wekundu. Mavuno yaliongezeka, na mwaka uliofuata vijiji vya jirani navyo viliomba. Mama Wivine akawa rafiki yake. Walilala nyumba moja, wakala sahani moja, na Mama Wivine alimpa mjukuu wake jina la Hortense. Pakiti zilichapwa jina na picha ya Mama Hortense, kwa ombi la wakulima wenyewe, ili wasiuziwe nyingine. Mahitaji yalipozidi, mwaka 2017, alimkabidhi Guelor kazi ya kufunga pakiti na kuzipeleka. Alisema afadhali mtu wa damu yake kuliko mgeni.

Guelor alifanya vizuri kwa misimu kadhaa. Hilo nalo lisemwe.

Mwezi Machi 2022 Mama Wivine alifika Bel-Air bila kupiga simu. Alikuwa na fungu la soya iliyong'olewa, akaliweka juu ya meza ya sebuleni, udongo ukamwagika juu ya kitambaa. Mizizi ilikuwa myeupe na myepesi kama uzi. Haikuwa na kinundu hata kimoja. Msimu ule, kwa kuamini pakiti zile, chama kizima kilikuwa kimeacha mahindi na kupanda soya. Mama Hortense aliigeuza mizizi muda mrefu. Alimwomba mgeni wake subira, akasema atakwenda Lukafu mwenyewe kuwaeleza. Mama Wivine aliondoka bila kunywa hata maji.

Siku hiyohiyo Mama Hortense alifungua pakiti zilizobaki stoo. Hakuhitaji maabara. Ndani mlikuwa na unga wa mkaa uliochanganywa na vumbi la uwanjani. Alimwita Guelor mbele ya Papa Stéphane na mbele yetu, akamuuliza udongo wake uko wapi. Guelor hakukataa. Alisema kuchemsha udongo wa dembo kunachelewesha, barafu inasumbua njiani, na wateja walikuwa wengi. Kisha, akimwita yaya, dada mkubwa, kama alivyomwita tangu utoto, akasema maneno ambayo sisi wa nyumba ile hatujaweza kuyaondoa masikioni:

“Yaya, hii bidudu hata muntu moya hawezi kuiona. Weye mwenyewe njo ulibaambia: muniaminie tu.”

Mama Hortense alisimama, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Lukafu pamoja na Exaucée. Walikuta watu wamekwisha kukaa, na hakuna aliyesimama kuwapokea. Guelor alikuwa amewatangulia. Aliwaambia kwamba bakteria walikufa maabarani, kwamba dada yake alijua tangu mwezi wa Oktoba, na kwamba alimlazimisha azipeleke pakiti hivyohivyo. Mama Hortense aliyasikia hayo pale pale, kutoka kinywani mwa watu aliokula nao, huku mdogo wake amesimama nyuma ya umati akiangalia viatu vyake. Ndipo Mama Wivine akauliza:

“Mama Hortense, ni weye ulifunga hizi sachet?”

Exaucée alitaka kusema, na mama yake akamkamata mkono kwa nguvu. Kisha akajibu:

“Jina iko yangu.”

Watu walielewa walivyoelewa. Hakuna aliyemuuliza swali la pili, baada ya miaka kumi na tano ya kumjua. Picha yake ilitolewa ukutani kwenye ghala la chama, na wao wawili wakarudi Lubumbashi usiku.

Nyumbani tulimkasirikia. Papa Stéphane alimwambia kwamba anawasaliti watoto wake kwa kulipakaza jina lao matope. Alimjibu kwa upole:

“Nikimutaja, batamufunga. Nikinyamaza, batanichukia miye. Ile nitaweza kuibeba.”

Tunasema hapa, kwa heshima yote tuliyonayo kwake, kwamba hakuweza kuibeba. Msimu uliofuata alitengeneza pakiti mpya kwa mikono yake, za kutosha chama kizima, za bure, na Papa Stéphane akazipeleka kwenye sanduku la barafu. Alipopita tena baada ya mwezi, alizikuta nje ya ghala, zimerundikwa kwenye baraza la saruji, hazijafunguliwa. Alirudi akamweleza mkewe. Mama Hortense aliuliza swali moja tu:

“Ilikuwa ku jua?”

Papa Stéphane alikubali kwamba zilikuwa juani. Tangu siku hiyo friji yetu ikawa ya kuweka chakula tu.

Ugonjwa wa moyo ulianza kuonekana mwezi Septemba 2023. Miguu ilivimba, na ngazi za maabara zikamshinda. Alistaafu Januari 2024. Wauguzi na majirani walimtunza kwa upendo, na tunawashukuru. Wanafunzi wake walikuja kumsomea kazi zao, naye aliwasahihisha akiwa amelala. Guelor alikuja hospitali mara moja, akakaa dakika chache, akaongea kuhusu bei ya mafuta. Alipoondoka, Mama Hortense alituuliza kama amekula. Mwezi wa Mei mwaka huu Exaucée alimuuliza kama sasa watu wa Lukafu wanaweza kuambiwa ukweli. Alifumba macho, tukadhani amelala. Kisha akasema:

“Kama niko muzima, hapana.”

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Juzi, katika kikao cha familia, Guelor, ambaye kwa desturi yetu ndiye mjomba na ndiye mwenye neno kwenye msiba huu, alitaka sehemu ya Lukafu iondolewe. Alisema aibu hii itawaangukia hata watoto wake, ambao hawana kosa. Wazee wengine walimuunga mkono, wakasema marehemu aliyasamehe. Huenda aliyasamehe, hakutuambia. Sisi tuliona mama yetu alitumia uhai wake kuulinda uongo wa mwingine, na hatukuona ni haki tumzike pamoja nao. Guelor alitoka kabla kikao hakijaisha.

Kwa hiyo, Mama Wivine, na ninyi wote wa Lukafu mliopiga simu kuuliza kama mnaruhusiwa kuja: mlimuuliza swali mbele ya watu, na leo mnajibiwa mbele ya watu. Hapana. Si yeye aliyezifunga. Zile alizozifunga yeye ni zile mlizoziacha kwenye baraza.

Mama Hortense ameacha mume, Papa Stéphane Mbuyi; watoto watatu, Exaucée, Franck na Christiane; wajukuu wawili; wanafunzi aliowafundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na msichana mmoja wa Lukafu mwenye jina lake. Ameacha pia mdogo wake, Guelor Kapya, aliyemlea. Kiti chake kimewekwa safu ya mbele, upande wa familia. Wakati kurasa hizi zinapelekwa kuchapwa, alikuwa bado hajasema kama atakuja kukikalia.

Mama, umechoka. Lala kwa amani.