Birika Asogea

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya duka la mshonaji. Mwenye benchi ni Birika, muuza kahawa, na sheria yake ni moja: ukikaa, unakunywa kahawa yake. Leo utani ulikuwa mdogo. Dada Cherehani, yule mshonaji, ametengeneza programu ya simu inayowafundisha mafundi kukata nguo. Kila mia wanayolipa, duka la programu linakata thelathini. Sasa ameshika simu, anataka kuifuta programu hiyo, na mimi iliniuma kumsikia.

Birika: Thelathini kwa kazi gani? Kwani wao wameshika mkasi?

Cherehani: Mlango ni wao, kaka. Simu za mafundi hazina mlango mwingine wa kuingizia programu.

Profesa, ambaye hufundisha watu udereva, akakohoa.

Profesa: Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana haba usimpe mtu. Kesho watakata hata ukipiga miayo mbele ya simu.

Birika: Watafika mpaka kwenye kikombe hawa. Mtu mmoja ashike njia nzima? Huo ni ulafi.

Mimi: Wanasema wanalinda usalama wa watu.

Birika: Usalama gani? Hata mimi nalinda benchi.

Cherehani: Mafundi wa mbali wameanza kuniita mwalimu. Nikipandisha bei watakimbia, nikiiacha hivi nafanya kazi bure. Bora niifute leo.

Profesa: Ifute. Mwenda pole hajikwai.

Hapo akafika mama mmoja tusiyemjua, ana chupa kubwa ya chai na vikombe kwenye kikapu.

Mama: Hamjambo? Naweza kukaa hapa nikauza chai?

Profesa: Hapana, mama. Hapa inauzwa kahawa ya Birika tu.

Mama: Kwa nini?

Birika alifuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu, akakifuta tena, kisha akajivuta mpaka ukingoni mwa benchi.

Birika: Kaa, dada.

Profesa: Utamkata thelathini?

Birika: Nyamaza, Profesa. Chai yake ikinishinda, nitajifunza kupika kahawa.

Tulicheka, na Cherehani alicheka kuliko sote. Akairudisha simu mfukoni.

Cherehani: Siifuti. Kama Birika amesogea kwa swali moja, na wale wenye duka la programu watasogea tu, tuzidi kuwauliza kwa nini.

Kisha akaagiza chai. Birika alimtazama, akamsogezea sukari.