Joto la Pete, Siyo la Tanuri

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa maprofesa, ndugu zetu mliotoka kiwandani, mama Jolana na familia, na nyinyi wa karakana mliojipanga ukutani ilhali viti vya mbele viko wazi: tumekusanyika kumuaga Ondrej Hricko, mwendeshaji wa matanuri, aliyeitumikia taasisi hii hapa Košice kwa miaka thelathini na mmoja.

Nimeombwa nizungumze kwa ufupi, maneno yawe matamu, na nisifukue mambo ya zamani. Ufupi nitajitahidi. Hayo mengine mawili, Mheshimiwa, yamenishinda.

Kwa wageni wetu: kazi yetu ni utepe wa aloi ya chuma, mwembamba kuliko karatasi, tunaouzungusha ukawa pete. Ukiwa mbichi, atomi zake hazina mpangilio wowote. Ukichomwa vizuri, saa moja kwenye nyuzijoto mia tano na hamsini hivi, ndani yake huota fuwele ndogo mno, chembe zenye mpangilio, na pete hushika sumaku na kuiachia bila ubishi. Joto likizidi, huzaliwa fuwele za aina nyingine, na pete huwa kaidi. Hapo inafaa kuzuia mlango usijifunge, basi.

Miaka saba iliyopita, pete sitini za vifaa vya hospitali zilitoka kaidi zote. Mjomba Ondrej, ndivyo tunavyomwita sisi wadogo, alikuwa ametaka zichomwe kumi kumi, joto lipande taratibu. Ofisi ilikuwa na haraka. Akaamriwa azipange zote sitini na apandishe joto upesi. Zilipoharibika, ripoti ikasema mwendeshaji alisinzia na tanuri likapitiliza. Akahamishiwa stoo. Na wewe, mama Jolana, ukaulizwa sokoni, kwenye foleni ya jibini, kama mumeo ndiye yule aliyelala kazini.

Nani aliandika ripoti ile? Mimi, Zuzana Kertészová, ninayesimama mbele yenu. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja na woga wa miaka kumi. Naona aibu mpaka leo.

Yeye hakunitukana. Aliokota utepe uliotupwa, akazungusha pete sitini nyingine, na ndani ya mojawapo akafukia waya mwembamba wa kupimia joto. Akaniomba tanuri kwa mchana mmoja. Kipimo cha tanuri kikasoma mia tano na hamsini, kimetulia. Waya uliokuwa ndani ya pete ukasoma mia sita na thelathini. Nikasema waya umeharibika. Akacheka.

"Zuzka, fuwele zikiota zinatoa joto lao wenyewe. Umebana pete sitini pamoja, joto hilo lipitie wapi kutoka? Nyie mmeuliza joto la tanuri. Pete hamkuiuliza."

Tangu siku ile kila pete inayotoka hapa huchomwa kwa utaratibu wa mjomba, kumi kumi, joto likipanda taratibu. Makala tano zimeandikwa juu ya utaratibu huo, na watu wawili waliomo humu ukumbini wamepandishwa vyeo kwa ajili yake. Ripoti je? Bado imo kabatini, na bado inasema alisinzia. Mara tatu nimeandika isahihishwe. Mara tatu nimejibiwa kwamba jambo hilo limepitwa na wakati. Limepitwa kwa nani? Mama Jolana bado anakwenda sokoni.

Leo mmemletea saa ya ukutani. Ni saa nzuri, mjomba, ichukue. Lakini hapa mezani, kando ya keki ya kokwa za jozi, nimeweka karatasi moja. Inasema kwamba amri ya kupandisha joto upesi ilitoka ofisini, kwamba mwendeshaji alionya, na kwamba aliyeandika vinginevyo alisema uongo. Sahihi yangu ipo. Chini yake kuna nafasi moja tupu, Mheshimiwa.

Jumatatu ndugu zetu wa kiwandani wanasubiri pete mia mbili. Ufunguo wa chumba cha matanuri uko mfukoni mwangu, na hautoki mpaka nafasi ile ijae. Mkitaka, nihamishieni stoo. Rafu zake nazijua, mjomba alizipanga vizuri.

Mama Jolana, kesho simama kwenye foleni ile ile. Mtu akikuuliza, mwambie mume wako alikuwa macho. Tuliolala ni sisi.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Mheshimiwa, kalamu hii hapa.