Filimbi, Mpiga Dawa Ambaye Hakuwa Mlevi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Filimbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha shule baba yake alipopooza.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye shamba la maua kuwa mpiga dawa. Alibeba pampu mgongoni miaka ishirini na sita. Mdomo wa pampu ulipoziba, aliuweka kinywani akaupuliza, maana msimamizi hakutaka mtu apoteze muda kwenda bombani. Ulikuwa unalia kama filimbi, ndipo wenzake wakampa jina hilo. Akifika nyumbani alimwambia mkewe, "Mama watoto, dawa nimeshameza, bado chakula." Wakacheka wote wawili.

Alifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1987. Ovaroli zake mkewe alizifua kwa mikono, maji yakitoka ya kijani.

Mwaka 2009 mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Hatua zikawa fupi, uso ukakakamaa.

"Filimbi, leo umepiga ngapi?" msimamizi alimuuliza mbele ya watu.

"Sinywi, bosi."

Tarehe 4 Juni 2010 alifukuzwa kwa barua iliyosema ulevi kazini. Majirani waliamini. Hata mkewe alikuwa akimnusa mdomo mlangoni, jambo ambalo hajajisamehe.

Mwaka 2012 daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Alipoulizwa kuhusu dawa za shambani, alijibu, "Baadhi yake zimehusishwa na ugonjwa huu. Kwake siwezi kuapa, lakini huenda."

Mkewe akayapeleka maneno hayo ofisini shambani, kuomba barua ile ifutwe.

"Mama, 'huenda' si ushahidi," msimamizi alisema.

"Na ulevi mliupima kwa kipimo gani?"

Akaonyeshwa mlango.

Miaka ya mwisho alifungwa vifungo vya shati na kulishwa kwa kijiko, kila tonge likimpalia. Alifariki kwa nimonia tarehe 11 Julai 2023, saa nne asubuhi, hospitali ya wilaya. Siku moja kabla, kwa sauti ambayo ilibidi kuinamiwa, alimwambia mkewe, "Waambie sikunywa."

Ameacha mke, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Shamba limetuma shada la maua. Limebaki getini.

Aliagiza mwambiwe, na sasa mmeambiwa. Alale kwa amani, baba wa watu, na jina lake likiwa safi.